Upau wa juu kwenye programu ya simu: jina kwanza, vitufe baadaye

Vijana wengi wanaoanza kutengeneza programu za simu hapa Dodoma huuacha upau wa juu, ule ukanda wenye jina la ukurasa na vitufe juu ya skrini, mpaka dakika za mwisho, kisha huugeuza stoo: kila kitufe kilichokosa nafasi kwingine hupandishwa huko. Kwangu mimi upau huu una kazi moja kubwa, nayo ni kumjibu mtumiaji maswali mawili. Niko wapi? Nikitaka kurudi nilikotoka, napitia wapi? Hayo yakishajibiwa na nafasi ikabaki, ndipo kitufe kimoja au viwili vipewe pa kukaa.

Nitatumia mfano wa programu ya kutunza kumbukumbu za mizigo ya nafaka, ya kutumiwa na wafanyabiashara wa soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mtumiaji wake amesimama kando ya lori, mkono mmoja una simu, mwingine una daftari, na jua la saa saba limemwakia utosini. Simu yenyewe si ya bei kubwa. Ukimweka mtu huyo mbele ya macho yako, maamuzi mengi ya upau wa juu yanajitatua.

Tuanze na nafasi. Simu yenye skrini ya pikseli 720 kwa 1280 kwa kawaida humpa mtengenezaji dp 360 kwa upana na 640 kwa urefu; dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini. Upau wa kawaida wa Material 3, mwongozo wa Google wa muonekano wa programu, una urefu wa dp 64, yaani sehemu moja ya kumi ya skrini hiyo. AppBar, yaani upau wa juu wa Flutter (zana ya Google ya kutengeneza programu), ni dp 56, na kwenye iPhone kipimo cha kawaida ni pointi 44. Sasa ongeza ukanda wa saa na betri, dp 24 hivi, kisha safu ya vichupo (tabs) yenye dp 48, kisha kisanduku cha kutafutia: karibu theluthi ya skrini imekwisha kabla mtu hajaona gunia hata moja. Kibodi ikipanda, orodha inabaki na mistari miwili mitatu. Ndiyo maana nashikilia upau uwe wa safu moja, na utafutaji uwe kitufe kinachofungua kisanduku pale tu kinapohitajika.

Upana nao una hesabu zake, na hapa ndipo programu za Kiswahili zinapoumia zaidi. Kila kitufe kinahitaji eneo la kuguswa la dp 48. Weka mshale wa kurudi kushoto na vitufe vitatu kulia: jina la ukurasa linabakiwa na nafasi ya herufi kumi na tatu hivi. Majina yetu ya kurasa hupenda kuanza na neno la jumla, "Orodha ya Wakulima wa Alizeti", "Orodha ya Wanunuzi wa Mahindi", "Orodha ya Malipo Yaliyosalia". Yakikatwa, mtumiaji anaona "Orodha ya Wak…", "Orodha ya Wan…", "Orodha ya Mal…", na upau umeshindwa kazi yake ya kwanza. Andika "Wakulima", "Wanunuzi", "Madeni". Kwamba ni orodha, mtu anaiona kwa macho yake hapo chini.

Kuuweka wenyewe si kazi ndefu. Katika Flutter, ukurasa uwe ndani ya Scaffold, yaani kiunzi cha ukurasa, na sehemu yake ya appBar uipe AppBar. Tafadhali usijichoree wako kwa Container na Row, vile vipande vya kawaida vya kupanga skrini. AppBar inakuja na mambo ambayo huyaoni mpaka uyakose: inajisogeza yenyewe chini ya saa na betri, inaweka mshale wa kurudi ukurasa ukifunguliwa juu ya mwingine kwa amri ya Navigator.push, inakata jina refu kwa vitone bila kuvuruga mpangilio. Mtu akikuza maandishi kwenye mipangilio ya simu yake, jina linakua pamoja nayo, ila halizidi mara 1.34 ili lisifurike nje ya upau. Upau wa kujichorea hukulazimu uyaandike yote hayo upya, na kwa uzoefu wangu hakuna anayeyaandika yote.

Kwa wanaotumia Jetpack Compose, zana ya Google ya kuchora skrini za programu za Android, TopAppBar inawekwa kwenye topBar ya Scaffold. Scaffold nayo hukukabidhi innerPadding, yaani kipimo cha nafasi ya kuacha ili upau usifunike kitu, na ni juu yako kuipeleka kwenye orodha yako. Ukiona mzigo wa kwanza hauonekani kwenye skrini ilhali kwenye hifadhidata upo, anza kuangalia hapo: umejificha nyuma ya upau.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Android 15 ilipotoka mwaka 2024. Kwenye simu zenye toleo hilo, programu inayolenga API 35 (nambari ya Android 15 kwa watengenezaji) huchorwa skrini nzima, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, ikipita nyuma ya saa na betri. Google Play nayo inadai programu mpya na masasisho yalenge angalau API 35 kuanzia tarehe 31 Agosti 2025. Upau wa kujichorea uliokaa vizuri miaka yote, ghafla jina lake linagongana na saa. Wengine hutibu kwa kuongeza dp 24 kwa kukisia, lakini simu zenye tundu la kamera ndani ya skrini mara nyingi zina ukanda mrefu zaidi ya huo. Iulize simu yenyewe: Flutter ina SafeArea, Compose ina WindowInsets.

Nirudi kwenye mshale. Pale sokoni mama mmoja alikuwa anajaza mzigo wa mahindi kwenye programu nyingine aliyokuwa akiitumia, akasita, kidole kiko juu ya mshale wa kurudi.

"Mwanangu, nikibonyeza hapa, haya niliyoandika yatabaki?"

"Hapana mama, mpaka ubonyeze Hifadhi kwanza."

"Sasa hiyo Hifadhi iko wapi?"

Ilikuwa chini kabisa, imefunikwa na kibodi.

Ukurasa wa kujaza fomu hauhitaji mshale. Uwekee alama ya X kushoto na neno "Hifadhi" kulia, neno kamili, bila kuchora diski ambayo wengi hawajawahi kuishika. Mtu akigusa X na tayari ameandika kitu, muulize: "Uache bila kuhifadhi?", na vitufe viseme vinachofanya, "Endelea kuandika" na "Acha". Mshale uutunze kwa kurasa za kusoma tu, ambako kurudi hakupotezi chochote. Kurasa kuu zinazofunguliwa kutoka menyu ya chini zisiwe na mshale kabisa, maana hazina pa kurudi.

Kitendo kikuu cha programu, hapa "Ongeza mzigo", kisipelekwe juu. Anayeshika simu kwa mkono mmoja hafiki kule kwa kidole gumba bila kuilegeza, na simu ikianguka kwenye lami ndiyo basi tena. Kiweke chini kulia.

Rangi sasa. Material 3 huupa upau rangi ileile ya ukurasa, kisha huubadilisha kidogo tu orodha ikianza kusogezwa. Ndani ya ofisi inapendeza. Chini ya jua la Kongwa tofauti hiyo haionekani, na orodha na upau vinakuwa kitu kimoja. Mwongozo wa WCAG, unaohusu kurasa na programu kutumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, na alama kwa 3 kwa 1. Kwa watu wanaofanya kazi nje mimi hutafuta 7 kwa 1. Kijani kilichoiva au buluu nzito yenye maandishi meupe inafika bila shida.

Kuhusu upau kujificha orodha inaposogezwa, kwa programu za kazi nauacha ukae palepale.

Kila kitufe chenye alama tupu kipewe jina lake kwenye tooltip kwa Flutter, au contentDescription kwa Compose. Asiyeona vizuri anayetumia TalkBack, kisoma skrini cha Android, husomewa jina hilo. Usipoliandika, atasikia tu kwamba pale pana kitufe kisicho na jina, na kwenye upau wenye alama tatu atalazimika kuzijaribu moja moja, mojawapo ikiwa ya kufuta.