"My father sold her house": baba kauza nyumba ya nani?

Hapa Bukavu, kila kundi jipya la wanafunzi wa jioni linaniletea sentensi ileile: "My father sold her house." Nikiuliza nyumba ilikuwa ya nani, najibiwa, "Ya papa, mwalimu." Sasa "her" imetoka wapi? "Si maison ni ya kike?" Maison ni nyumba kwa Kifaransa, na huko ni neno la kike. Nimechoka kuisikia. Leo naiandika, atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa.

Wanaamini kwamba, kama ilivyo kwa Kifaransa, "his" na "her" hufuata jinsia ya kitu kinachomilikiwa. Kiingereza hakina habari na kitu. Kinamtazama mwenyewe tu. Mwenye mali akiwa mwanaume ni "his", iwe ni nyumba, dada au mke. Akiwa mwanamke ni "her", hata kwa mume wake. Mwingereza akisoma sentensi ile ataelewa kwamba baba kauza nyumba ya mwanamke fulani, na ugomvi wa ukoo umeshaanza.

Walimu wenzangu wanakilaumu Kifaransa peke yake. Mimi nasema Kiswahili nacho kimo. Nyumba yake, gari lake, watoto wake: kila mara kinachoamua ni kitu, si mtu. Na Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ni hivyohivyo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu amekua na lugha tatu ambazo, kwenye mali, hazijawahi kumuuliza mwenyewe ni mwanaume au mwanamke. Halafu inakuja ya nne na kumuuliza hilo tu.

Mtego mbaya kuliko yote ni "école", yaani shule. Ni ya kike, lakini kwa kuwa inaanza na irabu Kifaransa kinaipa "son", "-ake" ya kiume, badala ya "sa" ya kike. Ndipo dada anaandika habari za mdogo wake wa kike: "She likes his school." Msomaji anabaki kumtafuta huyo bwana mwenye shule.

Dawa yangu ni moja na siibadilishi. Shika kalamu nyekundu, na kutoka kila "his" na "her" chora mshale urudi nyuma mpaka kwa mwenye mali. Mshale ukikosa pa kutua, andika jina. Msiitegemee programu ya kusahihisha kwenye simu; "sold her house" ni sarufi safi, na simu haimjui baba yako.

Mengine niyapitie haraka. "My mother she cooks": hapana. Ile "a-" ya "mama anapika" ni lazima kwetu kwa sababu imo ndani ya kitenzi. Kiingereza kikishamtaja "mother", "she" haina kazi. Ila "Is raining" nayo ni kosa: pale "it" lazima iwepo, hata kama haimtaji yeyote.

"And I" si adabu ya kupachika popote. "They invited my brother and I"? Mwondoe kaka, usikie kinachobaki. Ni "me".

"You" yenye herufi kubwa katikati ya sentensi si "vous", ile "wewe" ya heshima ya Kifaransa. Kiingereza cha leo hakina "vous". Heshima iweke kwenye "Sir", "Madam" na "could you".

Na wanaodai "they" ni ya watu wengi tu: Waingereza wanaitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14. "Someone left their phone" ni sahihi kabisa. Kwa mtu aliyezoea "yeye" isiyobagua, hii ndiyo ingekuwa rahisi kuliko zote, na ndiyo wanayonibishia mpaka kengele inalia.