Bafu la umma la London baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia: wanayodhani watu

Ukitaja bafu la umma la Uingereza, wengi huwaza bwawa la kuogelea. Jengo la Ironmonger Row, katika manispaa ya Finsbury jijini London, lilifunguliwa mwaka 1931 bila bwawa hata moja. Lilikuwa na vyumba vya kuogea mtu mmoja mmoja na sehemu ya kufulia nguo. Mabwawa yalikuja 1938, pamoja na hamamu, yaani bafu la joto la kutoa jasho, neno ambalo Mzanzibari hahitaji kuelezwa.

"Walioenda huko walikuwa wachafu." Hii ndiyo dhana inayoniudhi zaidi. Sensa ya 1951 ilionyesha kuwa zaidi ya kaya 1 kati ya 3 za England na Wales hazikuwa na bafu nyumbani. Mpangaji wa ghorofa ya juu alipandisha maji, akayachemsha, akaweka karai la bati mbele ya moto jikoni, kisha familia ikapokezana maji yaleyale. Mchafu hapo ni nani, yule aliyekunja taulo kwapani akaenda kulipia maji safi?

"Waliogea maji ya wenzao." Kinyume chake. Mhudumu alisugua hodhi la kuogea kila mteja alipotoka, ndipo akamjazia mwingine. Koki mara nyingi zilikuwa nje ya chumba na ufunguo wake alikuwa nao yeye, kwa hiyo maji yakipoa ulipaza sauti ukiwa uchi: namba saba, ongeza ya moto! Na jirani wa namba nane akajua mambo yako yote.

"Vita vilipoisha kila mtu akajengewa bafu." Nyumba mpya za manispaa zilikuwa nayo, kweli. Lakini mabomu hayakuchagua nyumba mbovu, na zile kuukuu zilizosalimika ziliendelea kukaliwa. Ruzuku za kukarabati nyumba zilianza 1949, ila hadi sensa ya 1961 bado kaya 1 kati ya 5 hivi haikuwa na bafu.

Wapo pia wanaodhani huduma ya afya ya taifa ya 1948 ilibeba kila kitu. Ilichukua hospitali. Taka, vyoo vya umma, ukaguzi wa nyumba na vita dhidi ya kunguni vilibaki kwa manispaa, chini ya daktari wake wa afya ya jamii, ambaye kila mwaka aliandika ripoti. Cheo hicho kilidumu hadi 1974. Kituo cha afya cha Finsbury, cha 1938, kilijengwa kikiwa na mahali pa kufukizia matandiko, na vyumba vya kulala familia wakati nyumba yao ikifukizwa.

Finsbury ilimezwa na Islington mwaka 1965. Ironmonger Row ilikarabatiwa, ikafunguliwa tena 2012, na sehemu ya kufulia ikabakizwa.