Kinga ya mtoaji ikikugeuka: maswali baada ya kupandikizwa seli shina

Nilipewa seli shina (seli zinazozalisha damu na kinga) za ndugu yangu miezi minane iliyopita na saratani ya damu haionekani tena. Mbona sasa macho yamekauka, mdomo unaniwasha na ngozi inakakamaa?

Huenda kinga uliyopewa na ndugu yako inauona mwili wako kama mgeni na kuushambulia. Huu ni ugonjwa sugu wa pandikizi dhidi ya mwenyeji, na huwapata kati ya thuluthi na nusu hivi ya waliopokea seli za mtu mwingine. Hugusa pia ini, viungo, mapafu na sehemu za siri. Hilo la mwisho wengi huona haya kulitaja, lakini tafadhali litaje, maana lina tiba.

Kwa nini daktari asiizime kinga hiyo kabisa?

Kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayowinda mabaki ya saratani. Ikizimwa mno, saratani hupata mwanya wa kurudi na maambukizi hupata mlango. Inayotakiwa ni kuituliza.

Tiba huanzaje?

Ugonjwa ukiwa mdogo, matone ya macho, dawa ya kusukutua au ya kupaka huweza kutosha. Ukienea, huanzwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga inayofanana na homoni ya mwili, mara nyingi miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupunguzwa polepole. Dawa hii hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huvuruga usingizi, na naelewa kabisa anayetamani kuitupa. Usiiache ghafla. Ukiitumia kwa muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kuikatisha kunaweza kukuangusha vibaya. Wakati huo utapewa pia dawa za kuzuia maambukizi, na chanjo zenye vimelea hai utaziepuka.

Na ikishindwa?

Hapa mambo yamebadilika sana. Dawa ya ibrutinibu ndiyo iliyotangulia kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu, mwaka 2017. Belumosudili na ruksolitinibu zikafuata mwaka 2021, kisha aksatilimabu mwaka 2024. Kuna pia njia ya kutoa damu, kuzitia seli nyeupe dawa na kuzimulika kwa miale ya urujuanimno, kisha kuzirudisha mwilini. Faida yake ni kwamba haidhoofishi kinga kama dawa nyingi zinavyofanya.

Dalili gani nisiisubirishe hata wiki?

Pumzi. Ukihema kwa kupanda ngazi ulizozizoea, au kikohozi kikavu kikikataa kuondoka, mwambie daktari leo. Makovu yakishajengeka kwenye njia ndogo za hewa, kwa kawaida hayafutiki. Tiba huzuia yasiongezeke. Ndiyo maana kipimo cha kupuliza hurudiwa kila baada ya miezi michache hata unapojisikia mzima, kwani mapafu huweza kupoteza nguvu nyingi kabla mwenyewe hujahisi. Homa nayo, ukiwa kwenye dawa hizi, ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.