Ukiumwa Mlimani, Shuka: Maswali na Majibu kwa Wapanda Milima

Kila Desemba, klabu na vikundi vya wapanda milima hujaa Kilimanjaro, na wengi hutaka kuwa kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru. Mimi ni tabibu upande wa Moshi. Baadhi yao nawapokea wakiwa juu ya machela, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa, na wao wenyewe au na ndugu zao.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?
Ni mwili kukosa oksijeni ya kutosha kwa sababu umepanda haraka kuliko unavyoweza kuzoea. Huanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500. Ukiwa kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata Dar. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Mara nyingi huanza saa kadhaa baada ya kufika kambini, wakati umeshavua viatu ukidhani kazi ya siku imekwisha.

Mimi nakimbia kilomita 10 kila Jumamosi. Nami utanipata?
Unaweza kukupata kama mwingine yeyote. Mazoezi yanaimarisha miguu na moyo, hayauzoeshi mwili hewa nyepesi. Wenye nguvu wana hatari yao: hutangulia mbele ya kundi. Kiongozi anaposema pole pole, anakulinda.

Nimeamka kichwa kinagonga. Nifanye nini?
Mwambie kiongozi sasa hivi, kabla ya chai. Usipande. Kunywa maji, meza paracetamol, pumzika papo hapo ulipo. Kikitulia kabisa na chakula kikakaa tumboni, mtaendelea. Kisipotulia, shuka.

Kiongozi akijua si atanirudisha?
Hili ndilo linaloua watu, na nimechoka kuliona. Mtu anameza vidonge vya maumivu kwa siri, anatapika nyuma ya mwamba, anafuta mdomo na kurudi kwenye mstari. Kijana mmoja niliyempokea alificha maumivu ya kichwa siku mbili. Aliyegundua ni mwenzake wa hema, alipomwona anajaribu kuvaa glavu mguuni. Tafadhali, usifiche. Kukurudisha ni sehemu ya kazi ya kiongozi, na umemlipa aifanye.

Nitajuaje hali imekuwa mbaya?
Ubongo ukianza kuvimba, mgonjwa anaongea ovyo, analala usingizi mzito usio wa kawaida, anayumba kama mlevi. Chora mstari mavumbini kwa fimbo, mwambie atembee juu yake hatua kumi, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba nje ya mstari, hakuna mjadala tena, anashushwa.

Mapafu yakijaa maji, anahema hata akiwa ameketi, anakohoa bila kupumzika, kifua kinakoroma, midomo na kucha vinageuka bluu. Mwishowe anatema povu lenye rangi ya waridi. Wenzake husema ni kichomi, ni mafua, ni baridi ya usiku. Wanamchua kifua na kumfunika blanketi. Blanketi halitoi maji kwenye mapafu!

Si tusubiri kupambazuke?
Hapana. Washeni tochi mshuke usiku huohuo, angali anaweza kusimama. Mkisubiri asubuhi mtambeba, au mtakuwa mmechelewa. Shukeni mita 300 hadi 1,000, au zaidi, mpaka apate nafuu. Asishuke peke yake, na asibebe begi. Mtungi wa oksijeni na sindano au vidonge alivyo navyo kiongozi ni vya kumwezesha ashuke, si vya kumbakiza kambini. Na helikopta msiitegemee saa nane za usiku, au mawingu yakiwa yamefunga.

Kilele kimebaki saa moja tu.
Shuka.

Tumeshalipa ada ya hifadhi, na kundi zima linanisubiri kwenye picha.
Shuka. Swali hili huulizwa na watu wazima, wenye watoto nyumbani.

Nina Diamox, vidonge vya kukinga ugonjwa wa mwinuko. Nimeshajikinga, sivyo?
Inapunguza uwezekano wa kuugua, haiuondoi. Daktari akikubali, mtu mzima humeza miligramu 125 mara mbili kwa siku, akianza siku moja kabla ya kupanda. Kama dawa za salfa, mfano Septrin au SP ya malaria, ziliwahi kukudhuru, mwambie kwanza. Ukiugua ukiwa unaimeza, unashuka vilevile.

Tangawizi, kitunguu saumu, pombe kidogo ya kupasha mwili?
Viwili vya kwanza ni chakula, kuleni. Pombe na dawa za usingizi acheni nyumbani. Usiku ndipo oksijeni mwilini hushuka zaidi.

Klabu ipangeje safari?
Mkipita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne wekeni siku moja ya kupumzika. Sasa itazameni njia ya Marangu na kambi zake za kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo zaidi ya 4,700. Ni karibu mita 1,000 kila siku! Basi msikubali safari ya siku tano kwa sababu ni nafuu. Laleni Horombo usiku mbili. Mlima Kenya nao una mtego wake. Gari linakufikisha mbali, na kwa njia ya Naro Moru au ya Sirimon wengi hulala mita 4,200 usiku wa pili tu. Kilele chake cha Lenana, mita 4,985, kwa wikiendi ya siku tatu ni safari ninayoikataza waziwazi. Mwenye selimundu asipande bila kumwona daktari wake.

Wagumu wetu, yaani wapagazi, si wameshazoea?
Si wote, na si wakati wote. Mpagazi anaishi chini kama wewe, na akikaa miezi bila kupanda, mwili wake umeshasahau. Anabeba kilo 20, koti lake ni jepesi kuliko lako, na akiumwa hunyamaza kwa kuogopa kupoteza malipo. Kila jioni muulizeni naye: umekula, kichwa vipi, kifua vipi? Akilazimika kushuka, ashuke na mwenzake, na alipwe siku zake zote na bahshishi yake sawa na waliofika.