Gauni jepesi kama moshi: dhana potofu kuhusu baleti ya zama za Malkia Victoria

Mpwa wangu ana miaka 10. Juzi alinijia na picha kwenye simu. "Mama mdogo, nishonee hili, la zama za Malkia Victoria." Pichani kulikuwa na sketi fupi iliyotanda kama sinia, viatu vyenye ncha ngumu, na manyoya ya bata maji kichwani. Mimi ni fundi cherehani, na kabla sijatia mkasi kwenye kitambaa napenda kujua nguo ilivaliwaje. Nikasoma. Zama zile ni za Uingereza ya miaka 1837 hadi 1901, Victoria alipotawala. Nikakuta karibu kila kitu katika picha ile ni cha wakati mwingine au mahali pengine.

Basi tufunge safari ya kuwaza. Tushuke London tarehe 17 Julai 1845, mlangoni mwa Her Majesty's Theatre. Usiku huo Malkia na mumewe Albert wamekuja kutazama Pas de Quatre, baleti ya wanawake wanne.

Eti sketi ya baleti ilikuwa fupi tangu mwanzo

Pazia linafunguka. Marie Taglioni, Carlotta Grisi, Fanny Cerrito na Lucile Grahn wamevaa sketi za waridi hafifu zilizofura kama kengele, na zote zimepita magoti. Umbo lile lilipata sifa kupitia Taglioni mwenyewe, alipocheza La Sylphide jijini Paris mwaka 1832: juu kumebana kiuno, mabega wazi, chini tabaka juu ya tabaka la kitambaa chepesi cheupe. Sketi ilikuja kupanda kidogo kidogo baadaye. Wachezaji wa Kitaliano walileta mizunguko mikali na kazi ngumu ya miguu, na kazi hiyo ilitaka goti lionekane. Kwa hiyo ufundi ndio uliotangulia, mkasi ukafuata.

Na yule bata maji? Swan Lake, yaani baleti ya Ziwa la Bata Maji, ilionyeshwa kwanza Moscow mwaka 1877, na The Nutcracker, baleti nyingine mashuhuri, huko St Petersburg mwaka 1892. Mtu wa London hakuiona The Nutcracker nzima hadi 1934, Victoria akiwa kaburini miaka 33.

Eti watu wa zama zile waliona haya hata mbele ya mguu wa piano

Hadithi ya miguu ya piano kuvishwa nguo ilisimuliwa na Mwingereza, Frederick Marryat, mwaka 1839, tena akiwasema Wamarekani. Victoria alipokuwa binti mfalme alipenda baleti kwa moyo wote. Yeye na mlezi wake, Lehzen, walivisha wanasesere wa mbao 132, na baadhi yao walivikwa kama wachezaji aliowaona jukwaani, Taglioni akiwamo. Nikimfikiria yule mtoto na sindano yake, namwona mpwa wangu.

Haya ilikuwepo, lakini ilibebeshwa wachezaji. Mguu ulitazamwa na kushangiliwa, kisha mwenye mguu akaitwa mwanamke asiye na heshima. Kasisi Stewart Headlam alipowatetea hadharani alipoteza kazi yake kanisani mwaka 1878. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kupatanisha kanisa na jukwaa.

Eti nguo nyepesi ilikuwa nguo salama

Hapa sina budi kukaa. Tarlatani, kitambaa cha sketi hizo, ni pamba iliyofumwa wazi, nyuzi ziko mbalimbali kama chandarua, kisha inatiwa kanji ikakamae. Shika kipande kama hicho ukipeperushe: hewa inapita kila tundu. Fundi yeyote anajua maana yake. Hicho ni kitambaa kinachosubiri moto. Na moto ulikuwa kila upande: taa zimepangwa ukingoni mwa jukwaa, nyingine pembeni ambako wachezaji husubiri zamu yao.

Miezi saba kabla ya usiku huu wetu, Desemba 1844, katika ukumbi wa Drury Lane hapo hapo London, sketi ya Clara Webster iligusa taa. Alikimbia jukwaani akiwaka mbele ya watazamaji. Wenzake waliogopa kumkaribia kwa sababu wao pia walivaa kitambaa kile kile. Siku tatu baadaye alifariki, akiwa na miaka ishirini na ushee.

Watu huuliza kwa nini hawakutia nguo dawa ya kuzuia moto. Dawa ilikuwepo. Huko Paris ilitolewa amri mwaka 1859 kwamba nguo za jukwaani zitiwe dawa hiyo. Lakini kitambaa kilichotiwa dawa kilikuwa kigumu, tena rangi yake ilififia. Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni, alikataa kukivaa. Novemba 1862, wakiwa mazoezini, aliinua sketi zake ili asizikunje, upepo ukachochea taa ya gesi, sketi zikashika moto. Aliteseka miezi minane, akafa mwaka 1863 kabla hajatimiza 21. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa hadi leo katika Opera ya Paris.

Wapo wanaosema alijiponza kwa urembo. Mimi sikubali. Mchezaji aliajiriwa aonekane kama moshi, na kwa nguo iliyokakamaa kama turubai asingeonekana hivyo. Lawama ziende kwa waliopanga moto wazi pembeni ya pamba.

Eti kiatu kilimbeba

Ukivua kiatu cha Taglioni na kukishika, utashangaa. Ni satini laini na soli nyembamba ya ngozi, ndani hakuna ncha ngumu. Pembeni na mbele kimetililiwa kwa uzi, mshono juu ya mshono, ili kisichanike na kimshike vidole kidogo. Kilichomsimamisha ni vidole, kifundo na mgongo wake, pamoja na baba yake aliyemfundisha kwa saa nyingi kila siku. Kiatu kigumu kilikua baadaye, hasa mikononi mwa mafundi wa Italia.

Eti baleti ilikuwa ya mabwana na mabibi wakubwa tu

Tukisogea hadi miaka ya 1890, baleti ya London tutaikuta Leicester Square, katika Alhambra na Empire, kumbi ambazo watu walikunywa na kuvuta sigara huku wakitazama. Mara nyingi hata kijana wa kiume katika hadithi alichezwa na mwanamke aliyevaa suruali ya kubana.

Gauni la mpwa wangu nimelikata lishuke hadi katikati ya muundi. Nimeweka tabaka tano za neti, kiuno kimebana kiasi, na manyoya hakuna. Alinung'unika kidogo kwamba ni refu. Kisha akazunguka mara moja mbele ya kioo, sketi ikafura kama kengele, akanyamaza na kuzunguka tena.