Ushoga ulipokuwa urafiki

Mwaka jana nilipanda gari la abiria kutoka Wete kwenda Chake Chake pamoja na shangazi yangu, ambaye ameshavuka miaka 70, na mjukuu wake anayesoma chuo kikuu Unguja. Gari lilikuwa karibu kuondoka pale shangazi alipomwona mwenzake wa zamani akija mbio na kikapu chake mkononi, akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Shoga! Shoga, fanya haraka, nafasi ipo!" Mjukuu aliinamisha uso, kisha akamnong'oneza: "Bibi, usimwite hivyo mbele za watu." Shangazi akamtazama kama mtu aliyeambiwa asiseme "maji". "Nimwiteje tena? Huyu shoga yangu tangu tuko chuoni kwa Maalim."

Kazi yangu ni historia ya maneno ya Kiswahili, na nimekuwa nikirudi kwenye neno hili kwa sababu limebeba mabadiliko makubwa kuliko umbo lake. Karne ya 19, Askofu Edward Steere alipokuwa akikusanya msamiati hapa Unguja, aliliandika "shoga" kuwa ni rafiki, neno ambalo wanawake hulitumia wao kwa wao, na akaongeza kwamba Lamu neno hilohilo lilimaanisha mwanamume anayeingiliwa na wanaume. Kwa hiyo maana zote mbili ni za zamani, na haifai kudai kwamba ile ya pili imeletwa juzi na televisheni. Kilichotokea ni kwamba maana ya Lamu imevuka bahari na kuimeza maana ya Unguja na Pemba, kiasi kwamba "ushoga", ambao kwa bibi zetu ulikuwa ni kule kutembeleana, kukopeshana na kuhifadhiana siri, sasa umekuwa neno la khutba, la Baraza la Wawakilishi na la mitandaoni.

Neno jengine lenye historia ndefu ni "hanithi", ambalo limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa "mukhannath", yaani mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Hapa inafaa nitulie kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba dini ina sentensi moja tu juu ya jambo hili. Juu ya kitendo chenyewe hakuna mzozo: kisa cha watu wa Nabii Lut kimekuja katika Al-A'raf, Hud, Ash-Shu'ara na sura nyengine, na wanazuoni wa madhehebu yote wamekihesabu kitendo hicho kuwa ni haramu. Walichotofautiana ni adhabu. Abu Hanifa aliona kwamba hakina hadi, yaani adhabu maalumu iliyowekwa na dini, bali ni suala la taaziri linaloachiwa kadhi, ilhali wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walikilinganisha na zinaa, kama ilivyo rai mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi visiwani. Na anayekilinganisha na zinaa anachukua pia masharti yake ya ushahidi, wale watu wanne walioona kwa macho yao, masharti ambayo kwa kweli ni magumu mno kutimizwa.

Juu ya mtu, kinyume na kitendo, kuna maneno mengine. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ambaye kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kimesomeshwa misikitini kwetu vizazi kwa vizazi, aliandika katika sherehe yake, yaani ufafanuzi wake, wa vitabu vya hadithi vya Sahihi Muslim kwamba mukhannath ni wa aina mbili: aliyeumbwa hivyo, asiyejilazimisha sauti wala mwendo wa kike, ambaye hana lawama, dhambi wala adhabu kwa umbile lake, kwa kuwa ana udhuru, na yule anayejigeuza kwa makusudi, ambaye ndiye anayelaumiwa. Ni lazima niseme wazi kwamba Nawawi anazungumzia mwenendo na maumbile, wala hahalalishi tendo lolote. Hata hivyo, kule kutenganisha alichozaliwa nacho mtu na anachokitenda ni jambo la kifiqhi lenye zaidi ya miaka 700, na nimeshangaa mara nyingi jinsi linavyosahauliwa na watu wanaojua vizuri sana kurasa za jirani yake.

Ushahidi kwamba mgawanyo huo haukubaki vitabuni tunao, ingawa umetujia kwa mkono wa mgeni. Mwaka 1899 jarida la etnolojia la Berlin lilichapisha makala ya kurasa tatu juu ya Zanzibar, iliyotokana na taarifa za Oscar Baumann, mpelelezi aliyekuwa hapa kama balozi mdogo wa Austria-Hungaria. Makala hiyo imeandikwa kwa lugha ya dharau ya wakati wake, na ni vyema kuisoma kwa tahadhari, maana Ulaya ya siku hizo ilikuwa ikitafuta mifano duniani kote ili kuthibitisha nadharia zake yenyewe. Lakini imenasa maneno ambayo Mzungu hawezi kuyatunga. Inasema watu wa mji waliwaita wenye hali hii "mke si mume", na kwamba walitofautisha barabara kati ya aliyezaliwa hivyo na mwanamume anayejiuza: wa pili alidharauliwa, wa kwanza akavumiliwa, kwa kuwa hali yake ni "amri ya Mungu". Niliposoma kwa mara ya kwanza maneno hayo matatu ya Kiswahili katikati ya ukurasa wa Kijerumani, nilifunga kitabu kwa muda. Ni Nawawi huyu, ila ameshuka kutoka mimbarini na kukaa barazani.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako mambo yaligeuka bila ya wengi kutambua. Uingereza ilipoichukua Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, ilikuja na Sheria ya Jinai ya India ya 1860, ambayo kifungu chake cha 377 kilikataza kuingiliana "kinyume na utaratibu wa maumbile". Kanuni ya Zanzibar yenyewe ya mwaka 1934 iliendeleza mawazo yaleyale. Leo msemo wa "kinyume na maumbile" unatamkwa kwetu kana kwamba ni tafsiri ya aya. Fiqhi inalo neno lake, "fitra", yaani maumbile ya asili, wala sisemi kwamba wazo hilo ni geni kwa Waislamu. Nasema kwamba ule msemo wenyewe, jinsi tunavyoutumia mahkamani, ukoo wake ni wa Kiingereza. Waingereza hawakuwahi kuwataja wanawake katika sheria yao ya namna hii. Jaribio la mwaka 1921 la kuwaingiza lilikwama bungeni kwao. Ni Baraza letu la Wawakilishi, mwaka 2004, lililouandika usagaji kuwa kosa kwa mara ya kwanza, pamoja na kuishi kama mke na mume kwa watu wa jinsia moja. Uingereza na Wales zilikuwa zimeshaiondoa sheria yao mwaka 1967 kwa watu wazima walioridhiana faraghani, na India ilikibatilisha kifungu cha 377 kwa hali hiyo mwaka 2018. Sheria waliyoiacha wenyewe ikabaki kwetu, tukaiongezea vyumba.

Kwa upande wa sayansi, neno la kitaalamu linalotumika Ulaya hadi leo, "homosexual", lilibuniwa na mwandishi Karl-Maria Kertbeny, aliyelichapisha mwaka 1869 katika kupinga sheria ya Prussia. Miaka 17 baadaye daktari Richard von Krafft-Ebing akaiweka hali hiyo katika orodha ya maradhi ya akili, na hapo ndipo aliyekuwa mkosaji akawa mgonjwa. Wapo waliodhani kwamba huko ni kuhurumiwa; waliolazwa na kutibiwa kwa nguvu hawakuona hivyo. Mabadiliko yaliyofuata hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Evelyn Hooker aliwapa vipimo wanaume 30 wa kundi hili na 30 wasio wa kundi hili, kisha akawapa mabingwa majibu bila ya majina. Mabingwa hawakuweza kuwatambua. Disemba 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliitoa hali hiyo katika orodha ya maradhi, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990.

Rafiki zangu wa barazani hunijibu kwamba hiyo ni siasa, kwa sababu wanachama wa kile chama walipiga kura, na asilimia 58 ndio walioshinda. Kura ilipigwa, ni kweli, ila ilipigwa baada ya uamuzi na kwa sababu wapinzani waliidai. Mfano unaonishughulisha zaidi ni wa Robert Spitzer, aliyekuwa mstari wa mbele katika uamuzi wa 1973, ambaye mwaka 2003 alichapisha utafiti wa kudai kwamba baadhi ya watu wanaweza kubadilika kwa tiba, kisha mwaka 2012 akaomba radhi hadharani na kukiri kwamba utafiti wake haukuwa na njia ya kupima ukweli wa waliyomwambia. Nao wanaotangaza kwamba imepatikana jeni moja ya jambo hili wanakosea vilevile: utafiti mkubwa wa mwaka 2019, uliopima watu zaidi ya 470,000, ulionesha kwamba jeni moja hakuna, zipo nyingi zenye mchango mdogo mdogo, na hakuna anayeweza kuangalia damu ya mtu akabashiri.

Wakristo wetu nao wamelipitia. Tarehe 18 Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana, waliokuwa wakikutana Dar es Salaam huku suala hili likiwagawa, walivuka kuja kusali katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Miezi mitano kabla yake, Septemba 2006, sherehe ya kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, ilifutwa baada ya jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kuipinga kwa sababu ya mapenzi yake na wanaume. Leo Shangani kuna nyumba ya makumbusho yake, watalii hupiga picha mlangoni, na hakuna anayeandamana.

Na katika mwaka huohuo wa 2007 ndipo ulipofanyika uchunguzi wa afya kwa wanaume wa Unguja wanaofanya mapenzi na wanaume, ukakuta asilimia 12.3 wana virusi vya UKIMWI, wakati katika jamii kwa jumla kiwango hakikufika asilimia 1. Watu wa afya hawakuwa na nafasi ya kujifanya kwamba watu hao hawapo. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu sheria ya 2004, na serikali ileile iliyoitunga ndiyo iliyohitaji wajitokeze wapimwe.

Hivi sasa ninaandaa faharasa ya maneno ya Pemba. Kwa "shoga" nimeandika: rafiki wa kike wa mwanamke, hutumiwa na wanawake. Mhariri wangu, kijana hodari wa Unguja, amelizungushia duara la wino mwekundu neno "hutumiwa" na kuandika pembeni, "lilitumiwa". Nimemrudishia ukurasa mara mbili na mfano wa gari la Wete, naye ameurudisha mara mbili.