Kushusha bei: yanayosemwa mtaani na hesabu yenyewe

"Shusha bei, utafidia kwa kuuza vingi."

Mwenye duka jipya huambiwa hivi kabla hajamaliza kupanga rafu, na mara nyingi anayemshauri hajapiga hesabu. Tuipige. Tuseme kilo ya mchele umeinunua kwa shilingi 2,400 na unaiuza 3,000. Faida yako ni 600. Ukipunguza asilimia 10, utauza 2,700 na kubaki na 300. Mteja kapunguziwa sehemu moja ya kumi, wewe umepoteza nusu ya faida. Kama ulikuwa unauza kilo 50 kwa siku, sasa lazima uuze 100 ili upate elfu 30 ile ile, na kilo 100 zinataka mtaji mara mbili. Ukifika asilimia 20, faida imekwisha kabisa, na hapo hujagusa kodi ya fremu, umeme wala posho ya kijana anayekusaidia.

Isitoshe, jirani naye atashusha kesho yake asubuhi. Mtaa ni ule ule, na hakuna familia itakayopika wali mara mbili zaidi kwa sababu mchele umeshuka shilingi 300.

"Mwenye bei ya chini ndiye atakayebaki na soko."

Kenya walilijaribu hili kwa nguvu zote. Mwaka 2010 mdhibiti wa mawasiliano alipunguza ada ambayo mitandao hutozana kwa kupokeana simu, kutoka shilingi za Kenya 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Agosti mwaka huo huo mtandao wa Zain, ambayo muda mfupi baadaye ikawa Airtel, ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na wenzake wakalazimika kushusha pia. Wananchi walifaidi sana, na ninafurahi walifaidi. Lakini Safaricom, mtandao uliokuwa mkubwa kuliko yote, ilibaki na zaidi ya nusu ya soko. Huduma yake ya kutumiana pesa kwa simu, M-Pesa, ilikuwapo tangu 2007. Ndugu wa kijijini, fundi na mwenye nyumba wote walitumiwa pesa humo. Watu walinunua laini ya pili ya kupigia kwa bei nafuu, ile ya kwanza hawakuitupa. Mwaka 2011 Safaricom ilipandisha bei tena. Yu, mtandao uliojitangaza kwa unafuu, uliuzwa 2014: wateja wakaenda Airtel, minara na mitambo ikaenda Safaricom.

"Nitashusha sasa, wateja wakishanizoea nitapandisha."

Wao watakuwa wameizoea bei. Siku ukirudi kwenye 3,000 wataona umewapandishia, wala hawatakumbuka kwamba ndiyo iliyokuwa bei yako. Ukitaka kutoa ofa, andika bei ya kawaida pembeni na utaje siku inayoisha.

"Anayeshusha bei ana bidhaa mbovu, au amefilisika."

Hapa wauzaji wa genge wanaonewa bure. Fungu la nyanya la shilingi 1,000 asubuhi likiuzwa 500 magharibi, muuzaji hajachanganyikiwa. Nyanya keshazilipia sokoni alfajiri, na zikilala zitalainika, kesho hazinunuliki. Mia tano ya jioni ni pesa ambayo isingekuwepo kabisa. Mchele hauozi usiku mmoja, ndiyo maana mwenye duka akimwiga mama wa genge anaumia.